Siku Shangazi Alipotaka Kuulizwa

Mwaka niliokuwa kidato cha tatu sikuwa na mtu niliyempenda, na sidhani kama kulikuwa na mtu aliyenipenda. Nilikuwa nakaa Zinga kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye ulimi mkali kiasi kwamba baadhi ya wateja wake walikuwa wakituma watoto kuja kuchukua nguo zao. Alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba, kikitazama barabara kuu ya kwenda Dar, na kutwa nzima alikuwa akisema huku pini amezibana midomoni. Maneno yalipita katikati ya pini zile yote, hakuna hata moja lililokwama.

Sikwenda kwake kwa kupenda. Baba alimwacha mama, akaoa Morogoro, akahamia huko huko. Mama akarudi kwao Fukayosi kulima mihogo na ufuta. Mimi nikaambiwa mtoto ni wa kuumeni, na shule iko karibu na Zinga, basi, mjadala ukaisha. Hakuna aliyeniuliza. Tangu talaka ile mama na shangazi walikuwa hawasalimiani, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyeitia fitina ile ndoa. Nikimtaja mama mbele ya shangazi, cherehani iliongeza mwendo. Nikimtaja shangazi kwenye simu, mama alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Siwezi kusema ilianza lini. Kwanza niliacha kusuka nywele, nikawa nafunga mtandio asubuhi bila kutazama kioo. Kisha chakula kikawa hakipiti. Nilikitafuna kama natafuna pamba. Nililala nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Darasani nilitazama ubao nikaiona chaki, maneno nisiyaone. Swala niliswali kwa kuwa shangazi alikuwa akisikiliza maji ya udhu upande wa pili wa ukuta. Sikuwa na huzuni kama ile ya msiba, ambayo mtu analia akapumua. Nilikuwa tu nimezimika.

Shangazi alikuwa na majina yake ya hali ile. Asubuhi iliitwa uvivu, mchana iliitwa kiburi, na jioni aliniambia nimeirithi kwa mama yangu. Nilipoanguka siku moja mstarini, walimu wakanirudisha nyumbani, alinitazama kwa muda, akavaa buibui lake akanipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu aliniandikia kombe la aya kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya mawaridi, nikanywa. Sina neno baya juu ya kombe lile. Mwalimu yule alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniuliza kama ninapata usingizi. Lakini kabla sijafungua kinywa shangazi alijibu akiwa mlangoni.

"Analala kupita kiasi," alisema.

Miezi michache baadaye watu wa utafiti walikuja shuleni. Mwalimu wa malezi, mwanamume mpole mwenye haraka ambaye alikuwa pia anatufundisha jiografia, alitutangazia kwamba tutaulizwa kuhusu afya ya akili. Wavulana wa nyuma wakacheka, wakaanza kuulizana nani ataanza kufungwa kamba. Tulipewa karatasi za ridhaa zitiwe saini na wazazi. Shangazi aliitia saini karatasi yangu bila kunyanyua macho kwenye nguo aliyokuwa akikata. Alidhani ni ya chanjo, maana karatasi zote za shule zilizowahi kufika kwake zilikuwa za chanjo au za michango.

Tuliitwa mmoja mmoja kwenye chumba kilichokuwa kinaitwa maktaba. Nyuma ya meza alikaa dada mmoja kijana, amevaa gauni la kitenge lililoshonwa vizuri sana; nililikagua mshono kabla sijamkagua uso. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha wasoma habari.

"Nitakusomea sentensi," alisema. "Utaniambia una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kufanya jambo hilo. Sufuri maana yake huna uhakika kabisa. Kumi maana yake una uhakika kamili. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unapokuwa na sonona, una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kujifurahisha mwenyewe?"

"Sonona ni nini?"

"Ni huzuni kubwa, ya muda mrefu."

"Na hiyo nyingine?"

Alirudia kusoma, taratibu zaidi, kama mtu anayemsomea kiziwi. Masikio yakanipata moto. Kwa tunavyosema sisi, maneno yale mawili akiambiwa msichana wa umri wangu yana maana ya pili, na maana hiyo haitamkwi mbele ya mkubwa.

"Hilo ni tusi," nilimwambia.

"Si tusi. Ni swali. Jibu tu."

"Sijibu."

Akaandika kitu. Akaniuliza kama naweza kutoka na marafiki ili nijisikie vizuri. Nikamuuliza, kutoka kwenda wapi. Akasema popote. Nikamwambia msichana wa Zinga akitoka kwenda popote, habari zake zinafika nyumbani kabla yake. Akaniuliza kama naweza kujitenga kwenye chumba changu nikatuliza mawazo. Chumba kile kilikuwa stoo ya vitambaa. Nililala katikati ya marobota ya sare za shule za watu wengine. Akaniuliza kama naweza kumweleza mtu mzima ninayemwamini mambo yanayonisumbua nyumbani. Nilimwona mbele ya macho yangu mtu wa nje akisikia ya ndani kwetu, kisha nikamwona shangazi akisikia kwamba yamesikika.

"Haya, la mwisho," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa na ukali. "Una uhakika kiasi gani kwamba kesho au keshokutwa utajisikia vizuri zaidi?"

"Inshallah."

"Naomba namba."

"Inshallah."

"Sasa hiyo niandike ngapi?"

"Haina namba. Ya kesho siyajui mimi."

Alishusha pumzi. "Mdogo wangu, nimekaa hapa tangu asubuhi. Kama umekuja kunichezea, sema." Kisha akazungushia sufuri, nikamwona kwa macho yangu.

Nilitoka mle. Nilihisi ameandika kwamba simwamini Mungu. Nilitembea mpaka nyumbani nikimtukana kimoyomoyo, yeye na gauni lake na Kiswahili chake, na nilipofika ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimehisi kitu. Hasira ile ilikuwa kali, yenye joto, na kwa muda mrefu sikuwa nimehisi chochote. Nilitaka isiishe.

Haikuisha, kwa sababu majibu yangu yalimfikia mwalimu wa malezi na mwalimu wa malezi akamwita shangazi. Alikuja shuleni na futi yake ya kupimia bado iko shingoni. Ofisi ya walimu ilikuwa imejaa. Walimu wengine walikuwa wakisahihisha madaftari, na kila kalamu ilisimama alipoingia.

"Binti yako ameonekana yuko kwenye hatari," mwalimu alianza. "Majibu yake yanaonyesha hana imani kabisa kwamba anaweza kujisaidia."

"Ana wazimu?"

"Hatujasema hivyo, mama."

"Mmesema nini basi? Na mimi si mama yake. Mama yake yuko Fukayosi. Karatasi niliyotia saini ilikuwa ya chanjo."

"Ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa ni ya utafiti."

"Kwa hiyo mimi sijui kusoma."

Mwalimu akaomba radhi. Shangazi akasema radhi hiyo aiweke. Mwalimu mmoja wa kike pembeni aliguna, na shangazi akageuka akamtazama mpaka akainamisha kichwa kwenye madaftari yake. Nilisimama karibu na kabati natamani sakafu inimeze. Mbele ya ofisi nzima nilikuwa nimegeuzwa kuwa yule mwanafunzi mwenye wazimu, na nilijua kabla ya kengele ya saa nane darasa zima litakuwa na jina langu jipya. Walilipata. Sitaliandika hapa.

Njiani shangazi alitembea mbele yangu. Tulipoingia ndani alifunga mlango wa mbele, jambo ambalo huwa hafanyi mchana.

"Umekwenda kuwaambia nakutesa."

"Sikusema hivyo."

"Umewaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu. Ndiyo maana wameniandika vibaya."

"Sasa kama hukusema, wamejuaje?"

Nilimtazama. Naye alikuwa amesikia alichokisema. Alijifanya anatafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi mwake, kisha akarudi kibandani.

Siku zilizofuata hakunisemesha. Sahani yangu ilitua mezani kwa kishindo. Alinisema kwa mafumbo mbele ya wateja: kuna watu wanalishwa halafu wanakwenda kutapika barabarani, kuna watu wakihifadhiwa wanaona wamefungwa. Wateja walijua ni mimi, wakacheka kwa adabu huku wakipimwa viuno. Nami nilikuwa na vita yangu. Nikipishana naye nilikunja uso, akiniamuru nilifanya polepole, na kila nilipozidiwa nilichukua nguo alizokwishakunja pindo nikazifumua kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja, mpaka nikatulia. Siku moja alizikuta, akanipigia kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu akae kutwa anafumua pindo.

Jumamosi moja asubuhi tulisikia hodi. Alikuwa yule dada wa utafiti, peke yake, amevaa dera na ushungi safari hii. Shangazi alimwona lakini hakuacha kushona. Kulikuwa na kigoda kitupu karibu na mguu wake, na hakumwonyesha. Kwa watu wa pwani, kumwacha mgeni amesimama ni zaidi ya kumfukuza.

"Shikamoo, shangazi," dada alisema.

"Marahaba. Mimi ni shangazi yako kutoka wapi?"

"Samahani. Nimekuja kumwona binti, na wewe mlezi wake. Nimeleta karatasi ya kumpeleka hospitali Bagamoyo, akaonwe na daktari anayehusika. Na pia..." Alinitazama mimi niliyesimama kwenye mlango wa ndani. "Pia nataka kurudia baadhi ya maswali. Wanafunzi wengi waliniambia Inshallah, nami niliandika sufuri. Nadhani hatukuwaelewa."

"Unadhani," shangazi alisema.

"Ndiyo. Nadhani."

"Mimi nimeitwa ofisini kama mwizi wa kuku, mbele za watu, kwa sababu wewe umeandika usichokielewa. Sasa umekuja kunieleza unadhani."

Dada hakurudi nyuma. Namsifu kwa hilo, ingawa siku ile sikumsifu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini alisimama pale pale juani. "Mtoto anaumwa," alisema. "Hata kama maswali yalikuwa mabaya, anaumwa. Mtazame."

Cherehani iliendelea. Nilidhani sasa atamrushia kitu. Badala yake alisema, bila kugeuka:

"Niulize mimi."

"Nini?"

"Hayo maswali. Niulize mimi. Nataka kujua mtoto wa ndugu yangu aliulizwa nini."

"Haya ni ya vijana, shan... mama."

"Niulize, au nenda."

Dada alitoa karatasi kwenye mkoba. Sentensi nyingine alikuwa amezikata kwa kalamu na kuandika juu yake, nilizisikia zimebadilika. "Ukiwa na huzuni, una uhakika gani unaweza kufanya kitu kikakuchangamsha?"

"Naweza."

"Uhakika kiasi gani?"

"Wote."

"Ukiwa na mawazo, unaweza kuendelea na kazi zako?"

"Unaniona nafanya nini hapa?"

"Unaweza kupata usingizi?"

"Naweza."

Hilo lilikuwa la uongo. Kuta za nyumba ile hazikufika bati, na kwa miezi mingi nilikuwa nimesikia ndala zake zikienda na kurudi, birika likiwekwa, tasbihi ikigongana. Nilikuwa nimezichukia sauti zile kwa kuwa nilidhani ananilinda nisipumzike.

"Unaweza kumwambia mtu unayemwamini yaliyomo moyoni mwako?"

Mguu wa shangazi ulisimama kwenye pedeli. Gurudumu likazunguka kidogo lenyewe, nalo likasimama.

"Nimwambie nani?" alisema.

"Yeyote unayemwamini."

"Ndiyo nakuuliza. Nani? Mume wangu amekufa. Mdogo wangu yuko Morogoro, nikimpigia anasema yuko barabarani, atanipigia. Niliyekuwa namwambia ni wifi yangu." Alikitazama kigoda. "Wifi yangu ndiye niliyekuwa namwambia. Alikuwa anakaa hapo hapo kwenye kigoda, anaweka vifungo huku mimi nashona. Miaka yote. Siku aliyoondoka hakuniaga."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimekua nikimwona mama anakwenda kwa wifi yake na kurudi, lakini watoto hawahesabu mambo kama hayo kuwa urafiki. Nilijua tu kwamba wanachukiana.

Shangazi alitoa pini midomoni akazichomeka kwenye kitambaa zote pamoja. "Umeandika ngapi hapo?" aliuliza.

"Sijaandika," dada alisema.

"Vizuri. Sasa ondoka kwangu."

Dada aliacha karatasi ya hospitali juu ya ukingo wa meza, akasema asante, akaondoka. Shangazi aliniona bado nimesimama mlangoni.

"Unatazama nini? Vyombo vya asubuhi vinangoja nani?"

Jumatatu yake hakufungua kibanda. Alinipeleka hospitali Bagamoyo, na njia nzima alinilaumu: kwa kazi iliyolala, kwa jua, kwa viatu vyangu. Kwenye benchi aligombana na mtu aliyedai tumempita kwenye foleni, kisha na karani wa dirishani. Tulipoitwa, daktari aliniuliza jina, akajibu yeye. Akaniuliza umri, akajibu yeye. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, akamwomba atusubiri nje. Shangazi alitoka na mlango akaufunga kwa nguvu zake zote.

Sikumpenda yule daktari. Alikuwa na tabia ya kunyamaza muda mrefu akitegemea nijaze. Lakini hakutumia neno la vitabuni. Aliniuliza kama moyo unakuwa mzito, kama mawazo yananijia nikiwa na watu au nikiwa peke yangu, kama nimewahi kutamani nisiamke. Hilo la mwisho nilichelewa kulijibu, akasubiri, nikamwambia kweli. Kisha akaniuliza, "Siku ikiwa mbaya hivyo, huwa unafanya nini mpaka ipite?"

Nilikaribia kusema sifanyi kitu. Kisha nikamweleza habari ya pindo.

"Na inasaidia?"

"Kidogo. Nikimaliza shati moja naweza kwenda kuoga."

"Basi hapo una kitu," alisema, akaendelea na maswali yake. Hakunisifu. Nilishukuru kwamba hakunisifu.

Wiki zile zile watu wa utafiti walirudi shuleni, wakatuita wachache tuliowasumbua ili tuwasaidie kurekebisha maswali. Nilikwenda kwa ubaya wangu. Nilitaka kukaa mbele ya yule dada nimwambie kila sentensi yake ilivyo mbovu, na nilifanya hivyo, na alivumilia. Mkubwa wake, baba mmoja aliyetoka Dar kwa ajili ya kikao kile, hakuvumilia sana. Alisema Inshallah ni njia ya kukwepa swali, na kijana anayekwepa ni kijana asiyejiamini.

"Ziko Inshallah mbili," nilimwambia. "Ya mtu atakayekuja na ya mtu ambaye haji. Ukiwa mtu wa huku unazijua kwa kuzisikia."

"Mimi siwezi kuandika sauti," alisema.

"Basi usiulize ya kesho."

"Utafiti mzima ni wa kesho, binti. Tunapima kama mtu anaamini ataweza."

Yule dada akaingilia, akasema labda waulize mtu aliwahi kufanya nini na kikamsaidia, na kama angefanya tena. Mkubwa wake akasema hilo ni swali jingine kabisa, linapima kitu kingine. Wakabishana wao kwa wao, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, sauti zikapanda, na sisi wanafunzi tukakaa tunawatazama. Sijui mwishoni waliandika nini. Nadhani kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya ukweli, na siku ile niliwachukia wote wawili sawasawa.

Daktari ndiye aliyetaka mama aje. Alimwambia shangazi kwamba mtoto hawezi kutibiwa na nusu ya watu wake. Shangazi alitoka pale amefura. Hakuniambia atafanya nini, na asubuhi moja nilipokuwa nafagia uwanja nilimwona mama anashuka kwenye bodaboda na kikapu cha mihogo. Alikuwa amepigiwa simu. Sikujua kama shangazi bado alikuwa na namba yake.

Mama alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanigeuza kulia na kushoto. Kisha akapita kibandani. Hawakusalimiana.

"Umemkondesha mwanangu," mama alisema.

"Alikuja amekonda. Ulimpakilia huzuni yako kwenye begi pamoja na nguo."

"Ndugu yako ndiye aliyenipa hiyo huzuni. Na wewe ulikuwa unajua habari za Morogoro kabla yangu. Ulijua, ukakaa kimya unanishonea nguo ya Idi."

"Nilijua wiki moja. Nilikuwa natafuta maneno."

"Wewe? Wewe ukakosa maneno?"

"Nilikosa. Na ulipoondoka hukuniaga. Nililia mimi."

"Ulilia wapi? Mbona sikukuona?"

Waliendelea. Walifukua mambo ya harusi, mambo ya marehemu bibi, nani alimuuguza na nani alikuja mazishi yamekwisha. Mteja mmoja alifika na gauni mkononi, akasikiliza kidogo, akarudi alikotoka. Nami nilisimama na fagio na kile kitu kizito kikaanza kunishukia tena, kile cha kuzimika. Nilikisikia kikija. Na nilijua kwamba nikiingia ndani kulala, nitaamka jioni na mambo yangu yatakuwa yamekwisha kuamuliwa.

"Nyamazeni," nilisema.

Hawakusikia. Nikarudia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mkubwa yeyote. Wakanyamaza, si kwa kunitii, bali kwa mshangao.

"Ninayeumwa ni mimi," nilisema. "Mkitaka kugombana, gombaneni nikiwa shule. Nitakaa hapa kwa sababu ya shule. Ijumaa nikitoka darasani nakwenda Fukayosi, narudi Jumapili. Hospitali anipeleke shangazi, kwa sababu ni karibu, lakini asiingie ndani. Na mama anipigie simu kila siku, na nikimtaja shangazi asinyamaze."

Mama alifungua kinywa. Shangazi alimtangulia.

"Unamwona? Unasikia anavyosema na wakubwa? Hicho kiburi kakitoa kwako."

"Kwangu?" mama alisema. "Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo. Hicho ni chenu, cha ukoo wenu mzima."

Wakabishana juu ya kiburi changu kimetoka wapi mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa. Lakini hakuna aliyesema hapana kwa yale niliyoyataka. Shangazi alipika mihogo ile kwa nazi na papa, akamwekea mama sahani bila kumtazama, na mama akala yote bila kusema ahsante.

Sikupona siku ile. Nilimeza dawa kwa miezi, nikazichukia, zikanisaidia. Kidato cha nne nilifaulu kwa shida. Kila Ijumaa nilikwenda Fukayosi, na kila Jumapili shangazi alinipokea kwa kuniuliza nimekula nini huko kwa hao. Jina walilonipa shuleni lilinifuata mpaka siku ya mtihani wa mwisho. Mama na shangazi sasa wanasalimiana kwenye misiba na harusi, kwa ukamilifu wote, kheri, salama, watoto hawajambo, kisha kila mmoja anakwenda kukaa upande wake. Shangazi hakunitaka radhi na sitegemei anitake. Daktari aliwahi kumwambia kwamba naye angeweza kuonwa. Alijibu kwamba ana nguo za watu.

Siku hizi ninauza kwenye duka la dawa Bagamoyo mjini. Juzi aliingia mama mmoja amemshika mkono binti yake aliyevaa sare, akaniomba dawa ya kuongeza hamu ya kula. Alisema mtoto amekuwa mvivu, hajibu, analala kutwa, ni tabia tu za kukua. Nilimuuliza binti anajisikiaje. Mama akajibu. Nikamuuliza tena, mama akajibu tena.

"Mama, naomba usubiri pale nje kidogo," nilimwambia.

"Kwa nini nisubiri nje? Mwanangu huyu."

"Najua ni wako. Subiri nje."

Alinitazama kama atanipiga. Alisema atakwenda duka jingine, kuna maduka mengi mjini hapa yenye wauzaji wenye adabu. Nilimwambia aende, lakini binti abaki. Tulikaa hivyo, yeye hatoki na mimi sitoi dawa, mpaka binti mwenyewe akasema kwa sauti ndogo, "Mama, toka kidogo." Akatoka. Alisimama barabarani ametupa mgongo, ananisema kwa sauti ili nisikie. Nilizunguka kaunta, nikavuta kiti, nikakaa karibu na binti.

"Siku ikiwa mbaya," nilimuuliza, "huwa unafanya nini?"